Hesabu ya viboko wa ziwa Edouard ifike kwa wavuvi

Wataalamu waliohesabu viboko katika mbuga ya Virunga waliacha hesabu ya kutisha. Katika miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 29,000. Katika miaka ya 2000, baada ya vita, walibaki chini ya 1,000.

Hasara hiyo inaingia hadi kwenye sufuria. Usiku kiboko anakula majani nchi kavu, mchana anakunya majini. Mavi yake ni mbolea ya ziwa: yanalisha vijidudu, na vijidudu vinalisha samaki. Watu wenye silaha waliochinja viboko kwa nyama na meno walipunguza pia chakula cha tilapia.

Lakini ripoti hizo zinasomwa zaidi kwa Kifaransa na Kiingereza, mbali na ufuko. Mvuvi wa Vitshumbi au Kyavinyonge anasikia tu kwamba nyavu zake ndizo zimeharibu ziwa. Nyavu za matundu madogo zinaharibu, ndiyo, lakini si zenyewe peke yake.

ICCN na watafiti wasome hesabu hizo redioni, kwa Kiswahili, ili hata jamaa zilizokimbia vita zijue kwa nini samaki wamepungua, na nani ajibu.