Maiti Hana Kauli

Mwaka 2025 Wamormoni walizindua hekalu lao Nairobi. Humo aliye hai huzamishwa majini kwa niaba ya maiti, jina likatajwa, na aliyekufa na dini yake akaandikwa kuwa kabatizwa. Wenyewe hujitetea: marehemu anayo hiari ya kukataa. Atakataa kwa kinywa gani, na nani amsikie? Wayahudi walilalamika hadi mwaka 1995 kanisa hilo likakubali kuwaacha wahanga wa Wanazi. Mwaka 2012 likaomba radhi tena.

Pemba nako hubishaniwa hitima, yamfaa maiti au haimfai. Ila hitima humwombea rehema, haimbadili dini. Na hekaluni haingii asiye na kibali, wala kibali hapewi asiyetoa fungu la kumi. Hitimani hata mpita njia huitwa akae, asome, ale.