Mbigili haijali ringi yako ni ya kaboni

Wadau, leo naomba tuongelee matairi. Si matairi ya mashangingi ya wakubwa, hayo yana bajeti yake. Naongelea matairi na tyubu za baiskeli, tena zile baiskeli nyembamba za mbio ambazo siku hizi Jumamosi alfajiri unaziona zinakata upepo kuelekea Ihumwa au Veyula. Serikali ilipohamia Dodoma ilihama na watu wake, na watu wakahama na mambo yao. Moja ya mambo hayo ni baiskeli.

Ukisimama nao wakinywa maji pembeni ya barabara, mazungumzo hayachukui dakika tano kabla ya kufika kwenye ringi za kaboni. Nani anazo, nani ameagiza, nani ameletewa na shemeji kutoka Ulaya. Sina ugomvi na kaboni. Ni nyepesi, inapendeza, na ikizunguka ina mlio fulani unaomfanya mtu ajisikie yuko Ufaransa. Ugomvi wangu uko kwenye kile kinachofungwa juu ya hizo ringi.

Kwanza tujiulize zinatoka wapi. Mwaka 2018 chama cha baiskeli duniani, UCI, kiliruhusu rasmi breki za diski kwenye mbio za barabarani. Si wote waliofurahi. Chris Froome, bingwa mara nne wa Tour de France aliyezaliwa na kukulia Nairobi, mwaka 2021 alisema hadharani kwamba hajaridhishwa sana na diski. Lakini soko halikumsubiri. Timu kubwa zimehamia huko, viwanda vikafuata, na ringi za kaboni za breki za kubana zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Sisi watu wa mitumba tunajua kinachofuata. Kitu kikichokwa kule, huku kinaanza maisha mapya.

Tatizo ni kwamba ringi zinakuja pamoja na ushauri wake. Kijana anafungua intaneti, anasoma kwamba ringi kama hizi zinataka tairi la mbio lenye gramu chache na tyubu ya lateksi ili ziteleze vizuri. Ushauri huo si uongo. Ila umeandikwa na mtu ambaye barabara yake haina mbigili.

Hoja yangu ni moja tu: ukiwa Dodoma, chagua tairi na tyubu kwa kuangalia barabara yako na fundi wako. Usichague kwa kuangalia runinga.

Tuanze na mbigili. Kama umekulia huku hauhitaji kuelezwa, maana umeshaichomoa kwenye ndala zako. Ni mmea unaotambaa chini, una maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka linapasuka vipande vigumu vyenye miiba. Kipande kikianguka, mwiba mmoja kwa kawaida unabaki umeangalia juu. Ndivyo kinavyosafiri, kwa kuchoma kwato, kandambili na matairi. Ongeza miiba ya migunga inayodondoka kutoka kwenye mizigo ya kuni na matawi ya kujengea mazizi, halafu niambie tairi la mbio lenye mpira mwembamba kama ganda la chungwa litafika wapi.

Na hii si shida ya Wagogo peke yao. Marekani, kwenye majimbo makavu ya magharibi, mmea huohuo umewatesa waendesha baiskeli hadi mji wa Boise, Idaho, ukaanzisha tamasha la kila mwaka kwa jina lake, ambako watu wanahamasishwa kuung'oa kabla haujazaa. Watu wa huko hawatumii matairi ya Paris. Wanatumia matairi yenye mkanda wa kinga ndani, na tyubu nene.

Kwa hiyo tairi: tafuta lenye kinga. Zipo aina nyingi. Gatorskin ya Continental inajulikana siku nyingi kwa kazi hiyo. Schwalbe wana Marathon Plus, ambayo ndani ina tabaka la mpira la milimita 5. Hiyo ya pili ni nzito na inakwenda kama trekta, siidanganyi nafsi yangu, na kuifunga kwenye ringi ya kaboni ni kama kuvaa suti na gambuti. Kwa wengi wetu lile tairi la katikati, lenye mkanda wa kinga lakini bado lina umbo la mbio, linatosha.

Upana nao ni muhimu. Ile imani kwamba tairi la milimita 23 lililojazwa upepo mpaka linalia kama chuma ndilo lenye kasi imeshakufa. Kwenye lami yetu yenye kokoto, tairi gumu linarukaruka, na kila mruko ni nguvu inayopotea. Nenda 25, au 28 kama breki na uma vinaruhusu. Pima kabla ya kununua, kwa sababu breki nyingi za kubana zinaishia 28, na nyingine hazifiki. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 28 anatosheka na psi 70 hivi. Soma pia kikomo kilichoandikwa kwenye tairi na kile cha ringi, ufuate kilicho kidogo.

Na jua usilisahau. Ukijaza psi 80 alfajiri kwenye baridi ya nyuzi 20, kisha ukaiegesha baiskeli juani hadi tairi likafika nyuzi 50, upepo uleule unasogea karibu na psi 90. Usijaze hadi ukingoni asubuhi.

Sasa tyubu, na hapa ndipo penye hatari yenyewe. Tyubu za kawaida ni za butili, ile raba nyeusi tuliyoizoea, gramu 100 hivi moja. Lateksi ni nyepesi na laini zaidi, lakini inavuja taratibu, kila asubuhi unajaza upya. Zipo pia za plastiki laini, TPU, ambazo moja inaweza kuwa chini ya gramu 40. Ukitoka butili kwenda TPU unaokoa gramu 120 hivi kwa magurudumu yote mawili. Hayo ni mafunda machache ya maji kwenye chupa yako.

Unalipa nini kwa mafunda hayo? Breki ya kubana inasimamisha baiskeli kwa kusugua ringi yenyewe. Ringi ya alumini inalisambaza joto haraka na kulitoa hewani. Kaboni haisambazi joto vizuri, linabaki palepale kwenye ukingo, milimita chache kutoka kwenye tyubu. Tupige hesabu ndogo. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10 akishuka mlima wenye kimo cha mita 300, nishati inayotakiwa kwenda mahali fulani ni kilojuli 235. Hiyo inatosha kuchemsha karibu lita 0.7 ya maji ya chai. Sehemu inachukuliwa na upepo. Ukishuka huku umeshika breki mfululizo, sehemu kubwa inaingia kwenye ringi.

Lateksi haipendi joto hilo. Inalegea na kupasuka, na wapo watengenezaji wa ringi za kaboni wanaokataza kabisa kuitumia na breki za kubana. Baadhi ya tyubu za TPU nyepesi kupindukia nazo zimeandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba ni za breki za diski tu. Gundi iliyoshika nyuzi za kaboni nayo ina kiwango chake cha joto. Ukikipita, ukingo wa ringi unalainika na kuvimba.

Utaniambia Dodoma ni tambarare, mlima uko wapi? Ni kweli, kutoka mjini hadi Bahi utashika breki kwa sababu ya mbuzi tu. Lakini watu hawakai mjini. Wanakwenda Iringa na kurudi, na hapo katikati kuna Nyang'oro. Wanakwenda Singida na kuendelea hadi Sekenke. Mwingine anaota kushuka Kitonga. Mteremko wa Kitonga, nyuma yako lori lenye kontena, mbele kona, na tyubu ya mbele inapasuka. Hapo ndipo gramu 120 zinapodai bei yake kamili.

Kama umeamua kutumia kaboni, basi funga butili. Tumia raba za breki zilizotengenezwa kwa ajili ya kaboni, na usihamishe raba zilizokuwa kwenye alumini, maana zimebeba vipande vya chuma vitakavyoichana ringi yako. Ukishuka, bana kwa nguvu, achia, bana tena, zamu kwa zamu mbele na nyuma. Usiburuze breki mlima mzima. Na ukinunua za mtumba, pitisha vidole ukingoni kutafuta uvimbe, angalia nyufa penye matundu ya spoku, gonga kwa sarafu mzunguko mzima. Mahali ambapo sauti inabadilika na kuwa butu, rudisha pesa mfukoni.

Sababu ya pili ya kupenda butili ni fundi. Ukipata pancha Kibaigwa au Manyoni, atakayekuokoa ni yule jamaa chini ya mti mwenye beseni la maji, msasa, viraka na solisheni. Huyo ameziba pancha nyingi kuliko kiwanda chochote cha Ulaya. Lakini solisheni yake imetengenezwa kwa raba. Kwenye TPU kiraka chake hakishiki, inataka viraka vyake maalumu. Butili ataiziba kwa dakika kumi huku mnaongelea Simba na Yanga.

Usimwonee, lakini, kwa kumfikisha hapo bila vifaa. Valvu yako nyembamba ya Presta haiingii kwenye pampu yake. Beba kile kiunganishi kidogo cha shaba, hakina uzito wa kusema. Kama ringi yako ina kina cha milimita 50, tyubu yenye valvu fupi haitachomoza, tafuta yenye valvu ya 60 au zaidi, na ubebe mbili za akiba. Na usidanganywe na tairi la "inchi 28" lililoning'inia dukani. Lile ni la Phoenix, linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Lako ni 622. Milimita 13 hizo hazisukumwi kwa bisibisi, hasa juu ya kaboni.

Kuna watakaosema suluhisho ni tyubulesi na ile dawa ya kuziba. Kwa mbigili, dawa hiyo ni nzuri kweli. Lakini ringi nyingi za zamani za breki za kubana hazikutengenezwa kwa tyubulesi, na kulazimisha ni kucheza na meno yako. Dawa yenyewe kwenye ukavu wetu inakauka mapema. Unaweza kuiweka kidogo ndani ya tyubu ya butili ambayo kiini cha valvu kinafunguka. Inasaidia kwa vitundu vidogo.

Nimalizie na jambo linalonikera kuliko pancha. Mbigili haioti katikati ya lami. Inaota pembeni, na sisi tunafika pembeni kwa sababu basi limepiga honi na halina mpango wa kupunguza mwendo. Pancha nyingi ni risiti ya kusukumwa nje ya barabara. Mwenye kaboni akitobolewa atapiga simu achukuliwe na gari. Mzee wa Chamwino mwenye Phoenix na madumu manne ya maji atasukuma kilomita nane kwa mguu, na hana kurasa za kuandikia malalamiko. Mji umewekewa mradi wa barabara ya mzunguko yenye kilomita zaidi ya 110. Kufyeka na kufagia mabega ya barabara, na kumwachia mwenye baiskeli mita moja na nusu ya lami yake, si teknolojia ya anga.

Mpaka siku hiyo ifike: tairi lenye kinga, butili ndani, viraka mfukoni, na salamu kwa fundi chini ya mti. Mwenye hoja tofauti na ailete, tena aje nayo Jumamosi akiwa kwenye lateksi, twende hadi Hombolo na kurudi. Kazi kwenu.