Haki ya Kuwinda

DIRISHA LA UNYANYEMBE
Na Maulidi Kasanda

Katika Makumbusho ya Metropolitan, mjini New York, imo taswira aliyoichora Aelbert Cuyp, mwenyeji wa Dordrecht huko Uholanzi, yapata mwaka 1652, ionyeshayo wavulana wawili wa ukoo wa Pompe van Meerdervoort wakitoka kwenda mawindoni juu ya farasi, wamevaa mahameli, nao wamefuatana na mwalimu wao, mwendesha gari lao na mbwa wa windo. Mtazamaji huvutwa kwanza na nuru ya dhahabu iliyotanda pale, nami siukani uzuri wake, kwani Cuyp, ambaye hakupata kufika Italia, aliiga nuru ya nchi ile kwa wachoraji waliorejea kutoka huko, akaimimina juu ya nchi yake ya ukungu na mvua.

Walakini, katika Uholanzi ya zama zile kuwinda kulikuwa haki ya wachache, haki ya nasaba na cheo, na ukoo uliojichorisha namna ile ulikuwa ukijiandikia hati: ardhi hii ni yetu, na kila kikimbiacho juu yake ni chetu. Ndiyo maana naiona taswira hii kuwa ushahidi wa milki kabla ya kuwa pambo la ukuta.

Hati ya namna hiyo ilitufikia na sisi, bila ya rangi. Wanyamwezi walikuwa wakiwinda ndovu kabla wasafiri Waingereza Burton na Speke hawajaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857. Mtemi alipata fungu lake la pembe, na zilizosalia ziliteremka pwani mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa ratili zipatazo sabini. Kisha, mwezi wa Mei 1896, Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann akatoa amri kwamba asiwinde mtu ila kwa leseni ya kulipiwa, na fundi wa ndovu, aliyeheshimiwa na kijiji kizima, akageuka jangili katika pori la babu zake, ilhali bwana mwenye fedha na bunduki aliruhusiwa kuua kwa kujifurahisha. Dhuluma hiyo hainitoki moyoni.

Tena liko jambo moja katika mchoro wa Cuyp ambalo nalitamani kwa ajili ya watu wetu. Mwalimu yule na mwendesha gari yule wamepewa nyuso zao, na majina yao, Caulier na Willem, yalihifadhiwa katika orodha ya mali ya nyumba ile. Bali wapagazi wa Kinyamwezi waliochorwa katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 aghalabu ni migongo na mizigo tu. Pale Kwihara, karibu na Tabora, katika tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, panastahili kuwekwa ubao wa majina ya wapagazi na wawindaji wa Unyanyembe, yakusanywe kwa wazee ambao bado wanazikumbuka koo zao, na kazi hiyo ianze mwaka huu.