Soko la Noeli Mjini Tokyo: Twende au Tusiende?



Wapendwa Taifa la Mungu, katika kipindi hiki cha Majilio tumeletewa swali na vijana wetu walioko masomoni na kazini nchini Japani. Wanasema kwamba kila ifikapo Desemba, wenzao wa darasani na wa ofisini huwaalika kwenda kutembelea masoko ya Noeli ya mjini Tokyo. Wenzao hao si Wakristo. Huko sokoni kuna taa, nyimbo, soseji na mvinyo wa moto, lakini jina la Kristo halisikiki. Je, Mkatoliki aende au abaki nyumbani? Mmoja wao aliongeza kwamba alikwenda, akafurahi na wenzake, kisha akarudi chumbani na huzuni ambayo hakujua kuieleza.

Jibu letu tunalitoa mapema: nendeni. Huzuni ya kijana yule, hata hivyo, hatutaki kuipuuza, kwa kuwa tunaona ndani yake kuna imani iliyo hai.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuona soko la namna hiyo, tueleze kidogo. Ni uwanja uliojengwa vibanda vya mbao kwa mtindo wa Kijerumani. Huuzwa mapambo ya mti wa Noeli, mishumaa, soseji za kuchoma, mikate ya tangawizi, na mvinyo mwekundu uliochemshwa pamoja na mdalasini na karafuu (ndugu zetu wa Pemba wangeitambua harufu hiyo kutoka mbali). Mjini Sapporo, soko kama hilo lilianza mwaka 2002, kwa kuadhimisha miaka 30 ya udugu wa mji huo na Munich. Mjini Tokyo, soko kubwa lilianza mwaka 2015 katika bustani ya Hibiya, na katikati yake ikasimamishwa piramidi ya mbao yenye urefu wa mita 14 iliyotoka Seiffen, kijiji cha mafundi seremala huko Ujerumani mashariki. Piramidi hiyo ni mnara wa ghorofa kadhaa wenye mapanga juu kama feni. Zile ndogo za nyumbani huzungushwa na joto la mishumaa. Kwa desturi ya mafundi wa huko, ghorofani husimamishwa sanamu za malaika, wachungaji, wachimba madini, na Familia Takatifu.

Wako Wakristo ambao wakisikia habari hizi hukasirika. Husema kwamba Wajapani wameiba sikukuu yetu wakaifanya biashara. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Wajapani hawakuiba kitu. Walinunua kilichokuwa kinauzwa. Soko hilo limetoka katika nchi zilizobatizwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kama ndani ya mzigo huo Mtoto hakuwamo, aulizwe kwanza aliyeufunga mzigo, kabla ya kumlaumu aliyeupokea.

Tena masoko hayo hayakuzaliwa na uchoyo wa wafanyabiashara. Soko la Dresden, ambalo ni mojawapo ya yale ya zamani sana, linatajwa tangu mwaka 1434, nalo lilikuwa la siku moja tu, karibu na Noeli, ili watu waliokuwa wamefunga wapate nyama ya sikukuu. Walikuwa wamefunga! Wangapi kati yetu wanakumbuka kwamba Majilio yalikuwa kipindi cha kufunga? Hata ule mkate wa stollen, ambao siku hizi maduka ya mikate ya Tokyo huujaza madirishani, ulikuwa mkate mkavu wa mfungo, uliokandwa kwa mafuta ya mimea kwa sababu siagi ilikatazwa. Ilibidi watawala wa Saksonia wapeleke maombi Roma, na mwaka 1491 Papa Inosenti VIII akatoa ruhusa ya kutumia siagi. Leo mkate huo una siagi, sukari na zabibu tele, na mlaji hajui kwamba anakula kumbukumbu ya toba. Si Mjapani peke yake asiyejua. Hata waamini wetu wanaopamba miti ya Noeli tangu Novemba hawajui.

Tukirudi kwenye swali la kwenda au kutokwenda, Mtume Paulo alikwisha kulishughulikia jambo linalofanana na hili. Wakristo wa Korintho walihangaika kuhusu nyama iliyouzwa sokoni, kwa kuwa huenda ilikuwa imetolewa sadaka kwa miungu. Paulo aliwaruhusu kula chochote kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, na akiwaalika mtu asiyeamini, waende wakale. Aliwataka tu wasiwe kikwazo kwa dhamiri ya mwingine. Basi kijana wetu anayekula soseji Hibiya hana sababu ya kuogopa. Tahadhari yetu ni ndogo nayo ni ya kibaba: mvinyo ule, ingawa ni wa moto na mtamu, ni mvinyo. Na binti anayealikwa na mvulana kwa jioni ya tarehe 24 Desemba ajue kwamba huko Japani jioni hiyo imekuwa ya wapendanao, hivyo mwaliko wenyewe una maana yake.

Hapo ndipo tunapoikaribia ile huzuni. Noeli nchini Japani si siku ya mapumziko. Tarehe 25 watu huenda kazini kama kawaida. Familia hununua keki ya krimu na stroberi. Wengi huagiza kuku wa Kentucky, desturi iliyopandwa na matangazo ya kampuni hiyo tangu mwaka 1974. Usiku wa tarehe 25 masoko mengi hufungwa, na asubuhi ya tarehe 26 madukani miti ya Noeli imekwisha kuondolewa, mahali pake pamewekwa mapambo ya misonobari na mianzi ya Mwaka Mpya. Kwa Mama Kanisa, Noeli ndiyo kwanza imeanza. Mkristo aliyezoea oktava ya Noeli hujiona kama mtu aliyefika arusini akakuta viti vinakunjwa. Ndiyo maana kijana yule alihuzunika, na tunamwambia kwamba hakukosea.

Lakini tungependa aitazame nchi ile kwa jicho lingine. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549. Baada yake Wajapani wengi walibatizwa, kisha yakaja mateso. Paulo Miki na wenzake, jumla yao 26, walisulubiwa Nagasaki tarehe 5 Februari 1597, na mwaka 1614 dini yetu ikapigwa marufuku nchi nzima. Mapadre waliuawa au kufukuzwa. Wakristo waliobaki walijificha, wakabatizana wao kwa wao, wakarithishana sala kwa mdomo na kuhesabu sikukuu kwa kalenda ya siri, kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 200 pasipo padre hata mmoja.

Tarehe 17 Machi 1865, kundi la wakulima kutoka Urakami liliingia katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, wakamnong'oneza Padre Bernard Petitjean, mmisionari Mfaransa, kwamba mioyo yao na moyo wake ilikuwa mmoja. Wakamuuliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Walipomwona Mama akiwa na Mtoto mikononi, walikumbuka nini? Walikumbuka Noeli. Walimweleza padre kwamba wao huadhimisha sikukuu ya kuzaliwa kwake tarehe 25 ya mwezi wa jalidi, na kwamba walifundishwa kuwa alizaliwa usiku wa manane, zizini. Hawakuwa na mti wala kengele. Walikuwa na tarehe, zizi na Mtoto, na kwa ajili ya hayo walikuwa tayari kufa. Muda mfupi baadaye, Wakristo zaidi ya 3,000 wa Urakami walikamatwa na kutawanywa uhamishoni sehemu mbalimbali za nchi, na mamia yao walifia huko. Uhamisho huo uliendelea chini ya serikali ya Mfalme Meiji, na ni katika utawala wake huohuo, mwaka 1873, mbao za amri zilizokataza Ukristo ziliondolewa barabarani.

Tunawasimulia haya kwa sababu moja. Mwaka 2023 soko kubwa la Noeli la Tokyo lilifanyika Meiji Jingu Gaien, yaani bustani ya nje ya hekalu la Kishinto lililojengwa kwa heshima ya Mfalme Meiji huyohuyo, karibu na jumba lenye picha za maisha yake. Watu walilipa kiingilio ili wapate kutembea kati ya vibanda vya Noeli katika viwanja hivyo. Mjukuu wa wale waliofia uhamishoni angeliona hilo, angesema nini? Sisi tunadhani angecheka kwa furaha kwanza, kabla ya kulalamikia bei ya soseji.

Wakatoliki Wajapani ni laki nne na kidogo, katika taifa la watu takribani milioni 124, na ukijumlisha Wakristo wa madhehebu yote hawazidi sana mmoja katika kila mia. Wahamiaji kutoka Ufilipino, Vietinamu na Brazili ndio wanaojaza mabenchi ya parokia nyingi. Maana yake, kijana wetu anaposimama na wenzake mbele ya piramidi ile ya Seiffen, huenda yeye ndiye Mkristo pekee ambaye wenzake hao wamepata kula naye chakula. Wanapiga picha sanamu ya mama, mwanamume na mtoto mchanga, bila kujua ni nani. Katika parokia zetu hakuna anayeuliza Mtoto huyo ni nani. Sote tunadhani tunajua. Kule mtu huweza kuuliza kwa dhati, akiwa ameshika kikombe mkononi. Paulo alipoikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana kule Athene hakuivunja. Alianzia hapo kuhubiri.

Tunawaomba basi vijana wetu wafanye jambo moja zaidi. Kutoka kituo cha Shinanomachi, kilicho karibu na viwanja vile vya Gaien, hadi kituo cha Yotsuya ni mwendo wa kituo kimoja tu kwa treni ya mjini. Hapo Yotsuya, jirani na Chuo Kikuu cha Sophia, lipo kanisa la Mtakatifu Inyasi la Mapadre Wayesuiti, ambamo Misa huadhimishwa kwa Kijapani, Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kivietinamu na lugha nyingine. Usiku wa Noeli makanisa ya Japani hupokea wageni wengi ambao hawajabatizwa. Huja kusikiliza nyimbo na kuona mishumaa, na wakati wa Komunyo wengi husogea mbele kupokea baraka. Mwenzako aliyekualika sokoni, mwalike huko. Mweleze kabla ya kuingia ni lini watu husimama na ni lini huketi, asione aibu. Na mfike mapema, kwa maana usiku huo viti huwahiwa.