IMAP yaenda kuchunguza ukingo wa himaya ya Jua: Malindi ilitoa jukwaa, sisi tutatoa nini?

Naandika kutoka Kisondela, Rungwe, huku kwenye migomba na chai. Leo siasa tuiweke pembeni kidogo.. au tuseme hii nayo ni siasa, ila ya elimu.

Tarehe 24 Septemba 2025 Marekani walirusha chombo kinaitwa IMAP kutoka Florida, kwenda kuchunguza mwisho wa himaya ya Jua. Kijiweni swali ni moja: sasa hilo linatuhusu nini sisi? Mimi nasema linatuhusu, na Afrika Mashariki tulishakuwa jirani wa kazi ya namna hii tangu miaka ya 1970.

Tuanze na kazi yenyewe. Jua linavuma upepo wa chembe zenye chaji, hasa protoni na elektroni, kwa mwendo wa kama km 400 kwa sekunde. Upepo huo unaisukuma gesi iliyoko kati ya nyota na nyota, linapatikana kama puto kubwa linalotuzunguka hadi mbali kuipita Pluto. Hilo ndilo heliosfia. Linatukinga na sehemu kubwa ya mionzi mikali inayotoka nje huko. Ni ukuta wa nyumba yetu sote.

Tatizo ni umbali. Voyager 1 iliondoka mwaka 1977, ikavuka ukingo Agosti 2012, ikiwa mbali mara 121 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Voyager 2 ikavuka Novemba 2018. Vyombo viwili, sehemu mbili tu. Ni sawa na kusema unaijua hali ya hewa ya Rungwe nzima kwa kupima Tukuyu mjini na Kiwira basi.

Hapo ndipo walipopata ujanja. Protoni ina chaji, kwa hiyo nguvu ya sumaku inaizungusha, kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Ikikutana na atomu iliyopoa, inaweza kuinyang'anya elektroni. Chaji imeisha, kamba imekatika! Inatoka moja kwa moja kuelekea ilikokuwa inatazama wakati ule. Baadhi zinakuja huku kwetu. Ukizidaka, ukajua zimetoka upande gani na zina nguvu kiasi gani, unachora ramani ya kule bila kufika. Atomu ya haidrojeni yenye mwendo wa km 440 kwa sekunde, ikitoka umbali wa mara 100 ya ule wa Dunia na Jua, inafika baada ya mwaka mmoja na kidogo.

Chombo cha IBEX, kilichorushwa tarehe 19 Oktoba 2008, kilifanya hivyo. Ramani zake zilipotoka mwaka 2009 zikaonyesha utepe unaong'aa angani ambao hakuna mtaalamu aliyekuwa ameutabiri. IMAP sasa ina vifaa 10, vitatu kati yake ni vya kudaka atomu hizo. Kituo chake ni km milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua, na pia kinasaidia kutoa tahadhari ya dhoruba za Jua zinazoweza kuvuruga GPS, redio na hata umeme.

Sasa tuje nyumbani. Baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi, San Marco. Walipapenda kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia unaipa roketi msukumo wa bure wa karibu km 1,670 kwa saa. Kati ya 1967 na 1988 setelaiti 9 ziliruka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, iliruka setelaiti ya kwanza ya kuchora anga kwa eksirei, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Novemba 1971 ikafuata Explorer 45, kuchunguza mkanda wa chembe zenye chaji unaoizunguka Dunia. Na protoni za mkanda ule zinapungua kwa njia ile ile ya kunyang'anya elektroni!

Matokeo yake? Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata Nobeli mwaka 2002. Sisi tukabaki na jina na jukwaa baharini.

Kuna watakaosema masikini ana haja gani na mambo ya anga, kwanza mbolea. Sawa, mbolea muhimu. Lakini tusidanganyane: zamani kizuizi kilikuwa roketi, leo data za IBEX ziko wazi kwenye mtandao, bure. Mtu yeyote aliyekaa kafe anaweza kuzifungua. Kinachokosekana ni wa kuzisoma.

Hapo ndipo penye kidonda. Shule za kata zilijengwa kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, kampeni ya maabara ikaja baadaye. Kijana anayejifunza fizikia ubaoni tu, bila kushika kifaa, utamlaumu vipi akiikimbia? Tukiendelea hivyo tutarudia ya Malindi: dunia inapita kwetu, inachukua msukumo wa bure, inaondoka.

Pendekezo langu ni dogo. Kila klabu ya sayansi ishushe ramani moja ya IBEX, mwalimu aieleze kwa Kiswahili, vijana wabishane juu ya ule utepe. Hakuna haja ya kusubiri bajeti ya roketi.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje, hasa walimu wa fizikia mlioko humu?