Wanakijua kidole changu, hawajui mashine yao imekufa

Leo siandiki habari za simu mpya wala programu mpya. Naandika kuhusu jimu. Usikimbie, ndugu msomaji, kompyuta imo humu ndani, tena ndiyo kiini cha ugomvi wangu.

Jimu ninayoisema iko hapa Nakuru na sitaitaja jina. Wenzangu wa Naivasha na Gilgil wakinisimulia za kwao, nadhani tunaingia mlango mmoja. Yetu ina mashine nne za kukimbilia. Mbili zimekufa miezi sasa, na ya tatu inakwenda kwa kushtukashtuka kama matatu iliyotiwa mafuta machafu. Kwenye zile mbili kumebandikwa karatasi: "Fundi anakuja." Karatasi yenyewe imeanza kugeuka manjano. Benchi moja imefungwa kwa utepe, dambeli za kilo 15 ziko tatu (ya nne ilikwenda wapi, Mungu anajua), maji ya bafu ni bahati nasibu, na saa kumi na mbili jioni watu wazima wanapanga foleni kusubiri zamu ya kutoka jasho.

Lakini njoo mlangoni! Mlangoni kuna kifaa kipya cha kusoma alama za vidole, kinang'aa, kina betri yake ya akiba. Stima ikipotea, taa zinazimika, mashine zinasimama, mlango unabaki macho. Uanachama wako ukiisha usiku wa manane, alfajiri kinakuwashia taa nyekundu bila kukosea hata siku moja.

Kwa hiyo nisiambiwe kwamba jimu hii haina teknolojia. Inayo. Imeiweka yote upande wa kukusanya, na upande wa kuhudumia imeacha karatasi na gundi.

Hebu nieleze kile kifaa kinafanya nini. Kwa kawaida vifaa vya namna hii havihifadhi picha ya kidole. Vinapima mahali mistari ya ngozi inapokatika na inapogawanyika, vinatengeneza kiolezo cha namba, kisha kila ukibonyeza vinalinganisha na kuandika mstari mmoja: nani, tarehe gani, saa ngapi. Mistari hiyo hukusanywa kwenye faili ambalo mtu anaweza kulitoa na kulifungua kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Egerton anaweza kulichorea grafu kwa alasiri moja, akamwonyesha mwenye jimu ni siku gani na saa gani watu wanazidi mashine. Mwenye jimu angejua lini aache kuandikisha watu wapya. Angejua kwamba saa nne asubuhi ukumbi ni mtupu, akauza uanachama wa mchana kwa bei nafuu, foleni ya jioni ikapungua bila kununua hata mashine moja. Yote hayo yamo ndani ya kifaa ambacho ameshakilipia! Anakitumia kufungia watu nje tu.

Mwanzoni nilidhani ni kutojua. Siku hizi nadhani ni hesabu. Mwaka 2006 wanauchumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti juu ya jimu tatu za Marekani, wakitumia kumbukumbu za mahudhurio ya kila siku za wanachama 7,752 kwa miaka mitatu. Walikuta kwamba waliochagua kulipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na hapohapo palikuwa na tiketi ya ziara kumi kwa dola 10 kila moja. Mteja mtamu wa jimu, basi, ni yule anayelipa na haonekani. Sisi tunaokuja kila siku ndio tunaomaliza mikanda na kumwaga maji.

Ukitaka kuelewa, fikiria kampuni ya intaneti inayouza mtandao uleule kwa nyumba nyingi mno. Saa tano asubuhi unaruka, saa mbili usiku hata barua pepe haifunguki. Tofauti ni kwamba kwenye intaneti naweza kupima kasi na kumwonyesha mtu namba. Kwenye jimu nimebaki na karatasi ya manjano.

Huku kwetu kuna na jambo la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza bei inashushwa, M-Pesa inalia, kwisha. Aliyelipa mwaka amemkopesha mwenye jimu pesa bila riba, na mkopeshaji huyu hana hata haki ya kuuliza pesa imefanya nini. Anayelipa kwa siku akikuta mashine mbovu anageuza njia. Wa mwezi atavumilia wiki tatu. Wa mwaka atafanya nini? Ndiyo maana bei ya mwaka hutangazwa kwa herufi kubwa.

Najua nitajibiwa kwamba stima ni ghali na vipuri vinatoka ng'ambo. Ni kweli kwa sehemu, sibishi. Ila mkanda wa mashine ya kukimbilia unahitaji kupakwa mafuta ya silikoni kila baada ya muda. Usipopakwa msuguano unaongezeka, mota inavuta umeme zaidi, na mwisho wake mara nyingi ni kuungua kwa bodi inayoiendesha. Chupa ya mafuta hayo ni bei ndogo sana ukiilinganisha na bodi. Anayekumbuka tarehe ya mwisho ya uanachama wangu kwa dakika anashindwaje kukumbuka tarehe ya kupaka mafuta?

(Kijana wa mapokezi namtoa hapa. Analipwa kidogo na kutukanwa sana kwa makosa yasiyo yake.)

Wengine huniambia, kaka, si ukimbie nje, Menengai iko palepale. Mimi naweza, na huwa napanda. Lakini kuna mzee anayekuja asubuhi, daktari amemwambia atembee kwa sababu ya presha, na magoti yake hayataki mlima. Mashine inayokwenda polepole ndiyo dawa yake, na sasa anagombania moja na vijana wa mbio. Kuna na dada zetu wanaotoka kazini giza likiingia. Unawaambia wakakimbie wapi saa hiyo?

Sasa turudi kwenye kidole, maana hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Siku ya kuandikishwa hakuna aliyeniambia data inakwenda wapi, nani anaiona, inakaa muda gani. "Weka kidole hapa, boss." Basi. Nilipokuja kuuliza nikihama itafutwa, nikajibiwa, "Hiyo iko kwa kompyuta ya mwenyewe." Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Inaihesabu alama ya kidole kuwa data nyeti, inataka niambiwe matumizi yake, inaniruhusu kuondoa ridhaa niliyotoa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba niliridhia ni wa aliyeichukua. Si sheria ya kupamba kabati. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Nairobi, Casa Vera, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha mboni za macho ya watu, walisimamishwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Neno la siri likiibwa nalibadilisha kwa dakika mbili. Kidole nitabadilisha na nini? Kadi ya plastiki ingefungua mlango uleule.

Nimeandika barua na kuipeleka mapokezi, nakala imegongwa muhuri. Nimeomba kiolezo changu kifutwe na nipewe kadi, na kanuni za 2021 zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta. Wakinyamaza, malalamiko yatakwenda kwa Kamishna. Katika barua hiyohiyo nimeomba tarehe ya fundi, tarehe yenye siku, mwezi na mwaka.

Na mwenye jimu akitaka ile grafu ya foleni ya jioni, nitamwandikia programu yake bure. Anipe faili tu, likiwa limeondolewa majina.