Kinundu Kikibanduka

Binti wa jirani yangu hapa Mtwara ananyooshwa meno kwa vifuniko vya plastiki angavu. Juzi kinundu kimoja kati ya vile vilivyogandishwa menoni kilibanduka. Mama yake, akiwaza nauli ya Dar es Salaam, akachukua gundi ya viatu. Nilimzuia. Gundi ile huunguza fizi, na kinundu ndicho mshiko wa kifuniko: kikikaa upande, jino husukumwa kusikotakiwa. Daktari hukipanga kwa kiolezo, baada ya kulipaka jino asidi, kulisuuza na kulikausha. Mate kidogo tu huharibu kazi. Jikoni, na mikono ina unga wa mhogo, nani ataweza? Binti aendelee kuvaa vifuniko, ila wakati wa kula, nawe mpigie daktari simu leo. Huenda akasema kisubiri miadi ijayo.